Nani Aliyekula Keki? Raia na Rushwa katika Tamthilia ya Kigogo

Ni rahisi kuisoma Kigogo (2015), tamthilia ya Pauline Kea, kama hadithi ya mtawala dhalimu na mashujaa wanaompinga. Majoka anafunga soko la Chapakazi, anawatisha wapinzani na kuitumia polisi kama mali yake. Usomaji huo haukosei, lakini unaliacha kando swali zito zaidi: Majoka anatawala Sagamoyo kwa ridhaa ya nani?

Jibu linaanza mapema, katika karakana ya wachongaji. Kenga, mshauri wa Majoka, anawaletea keki ya sherehe za uhuru. Kombe na Boza wanaipokea. Sudi anaikataa, kwani kwake ni makombo tu. Keki hiyo ni ndogo mno kuitwa hongo, na hapo ndipo penye nguvu yake: anayeila hajioni amenunuliwa, hujiona amekumbukwa. Tena Asiya, mkewe Boza, ndiye aliyepata kazi ya kuioka. Ufisadi unaingia nyumbani kwa jina la riziki. Kuukataa nako kuna gharama: Ashua, mkewe Sudi, anaishia ofisini kwa Majoka akiomba msaada.

Mangweni, kwenye pombe ya Asiya, mtazamo huo unapata sauti. Tunu na Sudi wanapokwenda kuwahimiza walevi waandamane, wanapokewa kwa kejeli. Ngurumo haoni hasara ya soko kufungwa, na uongozi wa mwanamke unabezwa. Kea anaonyesha kwamba kinywaji na dharau kwa mwanamke humlinda Majoka pale ambapo polisi hawapo.

Mtazamo huu haukubuniwa jukwaani. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, maarufu kwa jina la takrima, hadi Mahakama Kuu ilipoutangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Neno takrima lina mzizi mmoja na ukarimu na karama. Lilimvika mtoaji heshima na kumwachia mpokeaji deni. Kifungu cha sheria kilibatilishwa kwa hukumu moja. Mazoea ya kumpima kiongozi kwa alichogawa hayana mahakama ya kuyabatilisha.

Kwa kipimo hiki, udhaifu wa Kigogo uko katika utatuzi wake. Kingi anakataa kuwapiga watu risasi, umati unamfuata Tunu, naye Asiya anaomba msamaha. Mambo haya yanafuatana kwa kasi, na hadhira haionyeshwi mazoea gani yameachwa. Aliyekula keki ya Majoka bila kuuliza imetoka wapi anaweza kula ya Tunu vivyo hivyo. Yawezekana kutetea mwisho huo kwa hoja kwamba tamthilia ya ukombozi hudai tumaini. Hata hivyo, tumaini lingekuwa na mashiko zaidi kama Boza angeonekana, walau mara moja, akiisukuma sahani kando. Kigogo ina nguvu zaidi inapomhoji raia kuliko inapomsamehe.