Kibubu cha Shukrani na Mlango wa Kutokea

Kibubu hakihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekulia Tanzania. Ni kisanduku cha mbao au kopo lililozibwa pande zote, lenye tundu moja jembamba la kuingizia sarafu. Jina lenyewe lina bubu ndani yake: kinameza, hakisemi. Fundi wa kibubu hasumbuki kufikiria kitafunguliwaje. Siku ikifika kinavunjwa, na fedha ni fedha. Hata ikikaa gizani mwaka mzima haihitaji mtu wa kuitafsiri.

Nyumbani kwetu Tanga tulitengeneza kibubu cha aina nyingine. Ilikuwa chupa ya kioo ya mdomo mpana, ambayo kila mtu angetumbukizia kikaratasi chenye jambo analomshukuru mwenzake, kisha mwisho wa mwaka tukae tusomeane. Wazo si letu, limezunguka sana duniani. Mwaka wa kwanza lilitushinda, wa pili likakubali, na ndiyo maana naona inafaa kulifumua kama fundi anavyofumua injini. Nikitangulia kusema nilichokikuta: jitihada zetu zote tulizimalizia kwenye kuingiza. Kutoa tulikuacha kama kwenye kibubu.

Chupa ya kwanza tuliipasua. Ilikuwa ya achari, ya lita moja, na mtoto akaimiminia maji yaliyochemka ikiwa baridi. Kioo hakipitishi joto haraka, hivyo upande wa ndani ulitanuka kabla ya upande wa nje kupata habari, na ufa ukapita toka shingoni hadi kitakoni. Ya pili iliangukia mikononi mwa dada anayetusaidia kazi za nyumbani, naye alitumia akili. Aliilowesha kwa maji ya vuguvugu saa nzima, karatasi ya nembo ikatoka. Ile gundi inayobaki ikinata, ambayo maji na sabuni haviiwezi, aliipaka mafuta ya kupikia, akaiacha nusu saa, ikalainika na kufutika kwa kitambaa. Kisha chupa ikakaa juani siku nzima bila kifuniko. Kwa hewa ya pwani hatua hii si ya kuruka. Chupa iliyofungwa na matone mawili ndani itakulipa kwa ukungu kwenye karatasi. Harufu ya achari haikuwa kwenye kioo bali kwenye ule mpira wa ndani ya kifuniko, na dawa yake ilikuwa kutafuta kifuniko kingine.

Kifuniko nacho kilihitaji tundu. Tulitoboa mstari wa matundu kwa msumari, bati likiwa juu ya gogo, tukayaunganisha kwa tindo. Tundu la sentimita nne kwa nusu linatosha. Kingo zake zinakata kama wembe, kwa hiyo zipigwe tupa ndani na nje kabla kidole cha mtoto hakijafika.

Hesabu ya ukubwa wa chupa ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Karatasi ya A4 ukiikata vipande 16 unapata vikaratasi vya milimita 52 kwa 74, nafasi ya sentensi mbili za mwandiko wa kawaida. Watu sita, kikaratasi kimoja kwa wiki, wiki 50, ni vikaratasi 300, yaani karatasi 19 tu. Zikilazwa bapa, karatasi 19 hazijazi hata nusu ya glasi. Lakini zikikatwa na kukunjwa mambo yanageuka. Kikaratasi kilichokunjwa mara mbili kina milimita 26 kwa 37, na kwa kuwa karatasi hujikunjua yenyewe, unene wake unafika kama milimita tano. Hiyo ni karibu mililita tano kwa kila kimoja, lita moja na nusu kwa vyote, bila kuhesabu mianya. Chupa ya lita moja ingefurika kabla ya mwaka kwisha. Mwaka wa pili tulitafuta ya lita mbili.

Kalamu: tumieni ya risasi. Wino wa maji husambaa karatasi ikipata unyevu, na rangi ya wino hufifia chupa ikikaa dirishani. Risasi haina habari na yote mawili.

Mwaka wa kwanza chupa ilipendeza mno, tukaifungia kwenye kabati la vioo pamoja na sahani za wageni. Ukitaka kushukuru, kwanza uombe ufunguo. Mwaka wa pili tuliihamishia pale simu zinapochajiwa, mahali ambapo kila mtu hufika bila kuitwa, na kalamu ikafungwa kwa uzi shingoni mwa chupa.

Kosa lililofuata lilikuwa la ratiba. Tulitangaza kila mtu aandike kila siku. Kufikia Februari watoto walikuwa wanatumbukiza "Asante kwa chakula" kama mtu anayesaini daftari la mahudhurio. Baadaye nilisoma kwamba Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti waliouchapisha Marekani mwaka 2003, waliwataka wanafunzi waandike mara moja tu kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano. Waliohesabu ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko wenzao walioorodhesha kero. Sonja Lyubomirsky na wenzake nao walilinganisha, kwa wiki sita, waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki na waliohesabu mara tatu. Walionufaika ni wa mara moja. Nadhani sababu inajulikana na kila aliyewahi kulazimishwa kusema asante: neno likizoea mdomo, linaacha kupitia moyoni. Siku hizi tunaandika Ijumaa jioni, na asiye na la kusema anaruhusiwa kupita.

Tuliweka na sharti moja la maandishi. Kikaratasi kitaje mtu, tendo na wakati. "Asante kwa chakula" unaweza kuiandika hata kama hukula. "Baba aliniamsha saa kumi na moja akanisindikiza stendi kwa miguu" huwezi kuibuni bila kuonekana. Lugha yenyewe iko upande wa sharti hili. Neno asante tumelipata kwenye Kiarabu, ahsanta, maana yake umetenda vyema. Kwa hiyo anayesema asante bila kutaja tendo amekata sentensi katikati.

Sasa kutoa, ambako ndiko tulikoharibu hasa.

Tulifungua chupa usiku wa tarehe 31 Desemba, karibu na saa sita. Nje fataki, ndani televisheni. Mtoto mdogo alikuwa amelala mkekani na mama yangu, ambaye ndiye Bibi wa nyumba, alikwisha kwenda kitandani tangu saa tatu. Mume wangu alisoma haraka haraka, mmoja akacheka, mwingine akapiga picha, na katika dakika kumi mwaka mzima ulikuwa umekwisha. Vikaratasi vinne vilikuwa vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mume wangu ni mtu wa bara, hazijui. Mimi nilipita chuoni nikiwa mdogo na msahafu nausoma, lakini huo una irabu zake juu na chini. Mwandiko wa haraka usio na irabu ulinishinda. Tukadhani ni dua. Na kwa kuwa karatasi ya herufi hizo haitupwi ovyo, tukaviweka kwenye droo ya msahafu, vikasahaulika.

Ilikuwa miezi miwili baadaye mama aliponiuliza, akichambua mchele, "Vyangu mlivisoma?"

Haikuwa Kiarabu. Ilikuwa Kiswahili, kilichoandikwa kama alivyofundishwa utotoni, na kama barua za pwani zilivyoandikwa kwa karne kadhaa kabla ya herufi tunazotumia leo kushika hatamu. Katika mwandiko wa namna hiyo herufi moja yaweza kubeba b na p, na msomaji anatakiwa awe anajua kinachozungumzwa ndipo asome. Nilimletea vikaratasi vyake naye akavisoma bila miwani. Vyote vinne vilimhusu dada. Kimoja kilisema alimkanda miguu usiku wa mvua bila kuombwa. Ni dada yule yule aliyesugua gundi ya chupa, na hakuna kati yetu aliyefikiri kumwambia naye achukue karatasi.

Mtu anaweza kusema kasoro hapo ni ya tabia, si ya ufundi. Nakubali nusu. Lakini shukrani ya Bibi iliandikwa kwa wakati wake, ikaingia chupani salama, ikakaa bila ukungu. Ilipotea siku ya kutoka, kwa sababu tulichagua saa ambayo mwandishi amelala na msomaji asiyeweza kumsoma.

Mzunguko wa pili ulianza Idi el Fitri na kuishia Idi iliyofuata, siku 354, ambazo ni wiki 50 na ushei. Tulifungua mchana, baada ya pilau, kila mtu akiwa macho na amekaa chini. Kila mwandishi alisoma chake mwenyewe. Mdogo, ambaye huchora tu, alieleza mchoro wake. Mjomba wa watoto aliye Muscat alikuwa akituma ujumbe wa sauti kila Ijumaa, binti yetu akiuandika neno kwa neno bila kuurembesha, na siku hiyo alipigiwa simu asome mwenyewe. Kikishasomwa, kikaratasi kinakabidhiwa aliyetajwa. Hakirudi chupani.

Ilichukua karibu saa mbili, na tulilazimika kusimama kwa ajili ya sala ya alasiri. Dada alisoma vyake kwa sauti ndogo sana, hata mtoto akamwambia arudie. Bibi alipopokea cha kwake hakukitazama; alikifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga hela, akamwambia aendelee.

Chupa sasa iko tupu tena pale pale kwenye chaja. Hewa ya bahari imeanza kula kingo za tundu; kutu imetoka pande zote mbili, na wiki hii lazima lipigwe tupa na kupakwa mafuta kidogo.