Toti, Ndimu na Shira

Kokteli ni pombe kali iliyotiwa kitu kitamu, kitu kichachu au kichungu, na maji, kwa vipimo ambavyo hakuna kimoja kinachomeza kingine. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, liliieleza hivi: kileo cha aina yoyote, sukari, maji na matone machungu. Zaidi ya miaka 200 imepita na maelezo hayo hayajachuja. Yanavitaja vitu vyote vinne ila hayasemi kiasi, na kiasi ndicho ufundi wenyewe.

Kivukoni, pale mto Kilombero unapovukwa kusini mwa Ifakara, si mahali ambapo mtu angekwenda kwanza kutafuta elimu hii. Tangu daraja la mita 384 lizinduliwe mwaka 2018, lori la vinywaji halisubiri tena pantoni, lakini rafu zenye chupa hamsini za baa za Dar es Salaam hazikuja na daraja. Anayechanganya nyumbani hazihitaji. Anahitaji pombe kali ya aina moja, ndimu, sukari na barafu. Vitatu vya kwanza havisumbui kupatikana. Barafu ina habari yake.

Kabla ya kokteli kulikuwa na panchi, kinywaji ambacho Waingereza waliofanya biashara India katika karne ya 17 walikichanganya kwa araki, ndimu, sukari, maji na viungo. Jina hilo kwa kawaida huhusishwa na neno la Kihindi panch, yaani tano. Ukoo huu basi una mizizi kwenye Bahari ya Hindi, maji yaleyale yanayopiga Kilwa na Unguja, na hata msamiati wake una harufu ya pwani. Sharubati ya Waswahili na syrup ya Waingereza zote zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, ule wa kunywa. Jikoni, sukari iliyoyeyushwa kwenye maji ina jina lake tayari: shira, ileile inayomwagiwa kaimati. Mswahili anayefungua kitabu cha kokteli kwa mara ya kwanza anakutana na ndugu zake waliobadili majina.

Kitabu cha kwanza cha fani hii kuchapishwa ni cha Jerry Thomas, Mmarekani, mwaka 1862. Vilivyofuata vina mamia ya majina, na mwanafunzi huogopa bure, kwa sababu majina mengi ni ya watoto wa mama mmoja: kali, chachu na tamu. Rum, ndimu na sukari ni daiquiri, jina lililotokana na kijiji cha Daiquirí huko Kuba. Ondoa rum uweke tequila, na sehemu ya sukari iende kwa pombe tamu ya machungwa, hiyo ni margarita. Cognac ikichukua nafasi ya tequila na limau nafasi ya ndimu, jina linageuka kuwa sidecar. Gin, limau, sukari na maji ya soda ni Tom Collins. Anayeijua moja amezijua zote kwa mkono; ulimi ndio unaobaki nyuma na kuhitaji miaka.

Kipimo cha familia hiyo kinaweza kuchukuliwa kwa kijiko cha mezani, chenye mililita 15. Vijiko vinne vya pombe, kimoja na nusu cha maji ya ndimu, kimoja na nusu cha shira. Hapo ndipo pa kuanzia, si pa kufia. Ndimu za msimu wa mvua hutoa maji mengi yasiyo makali sana, na za kiangazi hukausha mdomo. Kwa hiyo fundi huonja ndimu kabla ya kupima, kama mpishi anavyoonja nazi.

Shira ya kokteli ni nyepesi kuliko ya kaimati. Sukari na maji huwa sawa kwa sawa, hukorogwa juu ya moto mdogo mpaka chembe zipotee, kisha huepuliwa. Haichemshwi mpaka inate. Wengi huiruka hatua hii na kumwaga sukari moja kwa moja kwenye ndimu baridi. Matokeo yake ni kinywaji kichachu juu na mchanga mtamu chini ya glasi. Sukari ya Kilombero, yenye rangi ya kahawia hafifu, inafaa kuliko nyeupe, kwa kuwa imebakiwa na ladha kidogo ya molasi. Inatoka Kidatu, karibu kilomita 70 kwa barabara kutoka Ifakara, ambako kiwanda cha Msolwa kilianza mwaka 1962 na cha Ruembe mwaka 1976. Tangu 2013 kampuni hiyo ina pia mtambo wa kunereka spiriti kutokana na molasi zake. Haishangazi basi kama utamu na ukali wa glasi moja vimewahi kukaa kwenye muwa mmoja.

Pombe iliyo karibu zaidi ni Konyagi, au Nyagi kwa wanaoizoea. Katika Kiswahili cha zamani neno konyagi lilimaanisha brandi, kutoka cognac ya Wafaransa, lakini kilichomo kwenye mzinga wa leo hakina undugu na zabibu. Ladha yake iko jirani na gin. Jambo la kuangalia ni nguvu. Konyagi ina asilimia 35 ya kileo, ilhali vitabu vingi vimeandikwa kwa kuchukulia asilimia 40. Anayefuata kitabu neno kwa neno atapata kinywaji kilichopooza, atailaumu ndimu, na ndimu haina kosa. Vijiko vinne na nusu badala ya vinne vinarudisha mizani.

Gongo haimo katika hesabu hii. Ni marufuku kisheria, na tena methanoli inayoweza kuwamo ndani yake haina ladha ya kuitambulisha. Fundi hupima kila kitu kwa ulimi, na hapa ulimi ni kipofu.

Kiswahili kimemfanyia mchanganyaji hisani kwa kutenga ndimu na limau. Ndimu ni ndogo, kali, yenye harufu inayopanda puani. Limau ni kubwa na pole zaidi. Ndimu huviringishwa kwanza chini ya kiganja juu ya meza, ikalainika, ndipo ikakatwa. Maji yake hukamuliwa wakati uleule wa kuchanganya, kwa maana yale ya jana huwa na uchachu usio na harufu. Msimu ukiwa mbaya, ukwaju uliolowekwa na kuchujwa hushika nafasi, ingawa unaleta weusi na uzito wake, na shira lazima iongezwe.

Sasa barafu. Wengi huiona kama kifaa cha kupooza tu, kumbe ni kiungo. Maji yaliyotajwa na lile gazeti la Hudson leo huingia kwa njia hii: kinywaji kinapotikiswa pamoja na barafu, sehemu ya barafu huyeyuka, na karibu robo ya kinachomiminwa mwishoni huwa maji yake. Bila hayo pombe inachoma na ndimu inakata. Yakizidi, vyote vinalala. Kinywaji hicho hufika chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kwa kuwa kileo kinashusha kiwango cha kugandia maji. Barafu ya nyumbani mara nyingi imegandishwa kwenye mifuko ya plastiki, nayo si mbaya hata kidogo. Pande kubwa likifungwa kwenye kitambaa na kupigwa kwa mchi hutoa vipande vinene, na vipande vinene huyeyuka polepole. Unga wa barafu unaobaki kitambaani utupwe. Ndio unaogeuka maji kabla mkono haujaanza kazi. Umeme ukikatika tangu asubuhi, fundi mwenye heshima anaahirisha.

Chombo cha kutikisia si lazima kiwe cha chuma cha dukani. Chupa ya asali yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana inatosha, na chujio la chai linazuia vipande na mbegu. Hutikiswa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Sikio husaidia: mwanzoni barafu hugonga kama kokoto kwenye debe, kisha sauti inalainika, na chupa inaanza kung'ang'ania vidole kwa ubaridi. Vyenye maji ya matunda hutikiswa. Vya pombe tupu, kama Martini na Manhattan, hukorogwa taratibu. Hivi vya pili huwa vigumu Kivukoni, kwa sababu vinadai vermouth. Mvinyo wa Dodoma uliolowekewa mdalasini na maganda ya chungwa ni kinywaji kizuri, lakini si vermouth, na mgeni aambiwe.

Mchango mkubwa wa Afrika Mashariki katika fani hii ni dawa, iliyopata umaarufu Carnivore, mkahawa wa Nairobi uliofunguliwa mwaka 1980. Asili yake ni caipirinha ya Brazili: ndimu hukatwa vipande na kupondwa na sukari ndani ya glasi, kisha hutiwa barafu na pombe, hapa vodka badala ya cachaça. Hadi hapo ni mabadiliko ya kawaida. Kilicho kipya ni kijiti kilichoviringishwa kwenye asali nzito. Asali haiyeyuki upesi kwenye baridi, na katika kokteli nyingine ingekuwa kero; kwenye dawa inaachwa iwe hivyo kwa makusudi. Mnywaji akikoroga sana anapata utamu, akikoroga kidogo anabaki na uchachu, na kazi ya fundi inamaliziwa na mkono wa mwingine. Ni ubunifu wa kiwango cha juu kuliko mapambo yote ya miavuli ya karatasi. Kwa Konyagi inatoka vizuri, mradi sukari ipunguzwe.

Ndugu mwingine hunywewa kila siku bila kujulikana jina. Konyagi na Stoney Tangawizi ni Moscow Mule, kinywaji kilichoenea Marekani miaka ya 1940, Konyagi ikiwa imeshika nafasi ya vodka, ila limesahauliwa jambo moja: nusu ndimu. Ikikamuliwa humo, soda inaacha kuwa kifuniko cha ukali na kuwa sehemu ya kinywaji.

Uchungu ndio sehemu inayopuuzwa zaidi. Angostura ilianzishwa mwaka 1824 na daktari Johann Siegert huko Venezuela kama dawa ya tumbo, kabla baa hazijaichukua. Nyumbani, maganda ya chungwa yaliyokaushwa, karafuu, mdalasini na iliki vikilowekwa kwenye Konyagi kwa wiki mbili hutoa matone yanayofaa. Asiyetumia kileo naye ana njia: chai ya rangi iliyokolea na kupoa, ikishika nafasi ya pombe katika kipimo kilekile, ina ukakasi wa kutosha kuibeba ndimu na shira.

Inabaki gin na toniki, ambayo katika bonde hili haiwezi kupita bila neno. Uchungu wa toniki ni kwinini, kutoka gome la msinkona, na maji hayo yalipewa hataza London mwaka 1858. Ifakara ina maabara ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki tangu 1957, alipoianzisha Rudolf Geigy wa Basel, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Hapa hakuna udhuru wa kuamini kwamba glasi ya jioni inakinga malaria. Toniki ya leo, kwa kiwango kinachoruhusiwa Marekani, haizidi miligramu 83 za kwinini kwa lita. Dozi ya mtu mzima ya kutibu malaria ilikuwa karibu miligramu 1,800 kwa siku, sawa na lita zaidi ya 20. Mseto unaotibu malaria unatolewa zahanati. Tena utafiti uliofanyika Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2010 uliona kwamba mbu aina ya Anopheles gambiae huvutwa zaidi na watu waliokunywa bia. Kwa hiyo Kivukoni glasi humalizwa mapema, ndani ya nyumba yenye nyavu madirishani, kabla barafu haijaisha.