Ufundi wa Kumtengea Buibui Hewa Yake

Mwezi wa Februari, saa saba ya mchana, ardhi nyekundu ya mji wa Wote, huko Makueni, Ukambani, huchoma nyayo. Mvua za vuli zimekwisha tangu Desemba, za masika hazijafika, na migunga imesimama bila majani. Lakini mtu akichimba kwa jembe kisha akaingiza mkono mpaka bega lake lilingane na ardhi, udongo anaoushika chini kule ni wa baridi, na mara nyingi bado una unyevu. Kutoka juu hadi chini hapafiki mita moja, na bado hali ya hewa ya mahali hapo pawili inatofautiana zaidi kuliko ya soko la Wote na ya vilima vya Mbooni.

Viumbe wengi wa nyika huishi kwa tofauti hiyo. Mmoja wao ni buibui mkubwa wa rangi ya kutu, wa kundi la tarantula, anayepatikana Kenya na Tanzania, ambaye wanasayansi humwita Pelinobius muticus. Mjerumani Ferdinand Karsch alimweleza kitaalamu mwaka 1885. Akinyoosha miguu, jike lililokomaa hufikia takriban sentimita 20, na linaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Miguu yake ya nyuma ni minene kuliko mingine yote, na kazi yake ni kuchimba. Mchana hukaa chini kabisa ya shimo, usiku hupanda hadi mlangoni kungoja mdudu apite. Akichokozwa huinua miguu ya mbele, hutoa mlio wa kukwaruza, na asipoachwa huuma kwa uchungu mkali.

Buibui huyohuyo leo anaishi pia ndani ya masanduku ya vioo Ujerumani, Uingereza na Marekani, kwa watu wanaofuga tarantula kwa mapenzi na kwa uangalifu. Wafugaji hao wamejitwika kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu buibui wa shimoni hahitaji chumba tu. Anahitaji kina cha ardhi ya kwao pamoja na tabaka zake zote za joto na unyevu, nalo sanduku la kioo halina hata tabaka moja mpaka mtu aliweke. Huo ndio ufundi unaostahili kusifiwa hapa.

Msingi wake umo katika mwili wa buibui mwenyewe. Tarantula hupumua kwa jozi mbili za mapafu yaliyo chini ya tumbo, yaliyopangwa kurasa kwa kurasa, membamba na yenye majimaji. Kila anapopumua hupoteza maji kidogo. Tena hana misuli ya kunyoosha viungo vikuu vya miguu yake: huvinyoosha kwa kusukuma damu ndani yake. Maji yakipungua mwilini, msukumo hupungua, na miguu huanza kujikunja chini ya kifua. Mfugaji mzoefu akiona mkunjo huo hangoji kipimo kimwambie kitu. Hali kadhalika joto lote la buibui hutoka nje ya mwili wake. Hawezi kutokwa jasho wala kutetemeka ili apate vuguvugu. Uwezo alionao ni mmoja, kuhama hatua chache kutoka palipo moto kwenda palipo baridi, au kutoka pakavu kwenda penye unyevu.

Kwa hiyo anayempa buibui sanduku lenye hali moja kila pembe, hata kama hali hiyo ni nzuri, amemnyang'anya uwezo huo mmoja. Wanaoanza kufuga huuliza namba: joto liwe kiasi gani, unyevu asilimia ngapi. Swali ni la haki, na lina jibu la jumla. Spishi nyingi za Afrika Mashariki huridhika na nyuzijoto kati ya 20 na 28. Lakini fundi aliyebobea hutafuta mteremko, upande wa joto na upande wa baridi, juu pakavu na chini penye unyevu, kisha humwachia mnyama achague. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila chaguo lipo na hakuna lililo la hatari.

Namba yenyewe inahitaji kusomwa kwa akili. Kipimo cha unyevu hakisemi ni maji kiasi gani yamo hewani. Kinasema hewa imejaa kwa kiwango gani ikilinganishwa na uwezo wake, na uwezo huo hupanda pamoja na joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Ikifika nyuzijoto 30 inaweza kubeba takriban 30. Maana yake, hewa iliyojaa kabisa alfajiri katika nyuzijoto 20 ikapashwa moto hadi nyuzijoto 30, bila tone kupotea, itasomwa kuwa na unyevu wa asilimia 57 hivi. Mtu asiyejua hilo atakimbilia chupa ya kunyunyizia maji. Anayejua atatulia, kwa kuwa hakuna maji yaliyotoroka.

Hesabu hiyo ndiyo inayowatesa Waafrika Mashariki wanaofuga viumbe wa nyumbani kwao wakiwa katika miji ya baridi kama Minneapolis. Wakati wa kipupwe hewa ya nje huweza kushuka hadi nyuzijoto 15 chini ya sifuri, ambapo hubeba gramu moja na ushei tu ya mvuke. Mtambo wa kupasha nyumba moto ukiipandisha mpaka 22, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 10. Sebule hiyo ni kavu kuliko kiangazi cha Wote. Mombasa tatizo ni kinyume chake: hewa ya bahari hushiba mvuke, na sanduku lisilo na matundu ya kutosha huota ukungu kwa siku chache. Kanuni moja ya kuandikwa ukutani haiwezi kufaa Minneapolis na Mombasa kwa pamoja. Kinachofaa kote ni kuelewa maji yanaingia wapi na yanatokea wapi.

Hapo ndipo Ukambani ina la kufundisha. Mito mingi ya Makueni na Kitui hukauka miezi kadhaa ya mwaka, lakini akina mama hufukua mchanga wa mto na kuteka maji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Joshua Mukusya na kikundi chake cha Utooni walianza kujenga mabwawa ya mchanga, ukuta wa mawe na saruji unaokingama mto wa msimu. Mafuriko hujaza mchanga nyuma ya ukuta, maji hujificha kati ya punje, na jua hukausha tabaka la juu tu. Sanduku la buibui lililotengenezwa vyema ni bwawa la mchanga lililopunguzwa likaenea mezani. Mfugaji hashiki chupa ya kunyunyizia. Huchomeka mrija pembeni mpaka sakafuni, humimina maji polepole, tabaka la chini likalowa na la juu likabaki kavu. Unyevu hupanda wenyewe taratibu kwa wiki kadhaa, na buibui akiuhitaji huufuata chini.

Udongo wa namna hiyo haumwagwi tu ndani ya sanduku. Huchanganywa mfinyanzi, mchanga na vumbi la makumbi ya nazi, hutiwa maji kidogo, kisha hushindiliwa kwa ngumi tabaka baada ya tabaka hadi kina cha sentimita 30 au zaidi. Usiposhindiliwa, shimo humporomokea mchimbaji. Mfinyanzi ukizidi, hukauka ukapasuka na kuwa jiwe. Makumbi yakizidi, hushika maji sana na kuoza. Mkono wa mfugaji hujifunza kipimo kwa kuufinya: udongo ushikamane ukifinywa, usitoe tone. Siku buibui aliyekuwa akizurura juu ya udongo anapoanza kuchimba, na asubuhi kukawa na kichuguu kidogo karibu na tundu jeusi, mfugaji hujua kwamba udongo wake umekubaliwa na mjuzi.

Joto nalo lina adabu yake. Kosa la kawaida ni kuweka bamba la kupasha moto chini ya sanduku, kama anavyowekewa nyoka. Buibui wa shimoni, tangu ukoo wake uwepo, amejua jambo moja: kukiwa na joto kali, chimba. Akichimba kuelekea kwenye bamba, silika iliyowaokoa wazazi wake humpeleka kwenye kifo, na bamba hilohilo huwa limekwisha kukausha tabaka ambalo lingekuwa na unyevu. Ndiyo maana joto, likihitajika, hutoka ubavuni, juu ya usawa wa udongo, likidhibitiwa na kifaa kinachozima umeme joto linapozidi. Mahali pengi halihitajiki kabisa. Chumba kinachomfaa mtu aliyevaa shati jepesi humfaa na tarantula.

Kisha hewa. Unyevu bila mzunguko wa hewa huzaa ukungu na utitiri, na umande unaotiririka kwenye vioo ni dalili kwamba sanduku limeziba. Matundu yakiwa chini ubavuni na mengine juu upande wa pili, hewa huingia kwa huku ikatokea kule. Bakuli la maji safi hukaa upande wa baridi daima, hata kwa spishi ya jangwani, kwani tarantula hunywa, tena huinama na kuzamisha mdomo kabisa.

Mtihani mkubwa huja wakati wa kuvua gamba. Buibui hukataa chakula kwa wiki, pengine miezi, kisha hulala chali na kubaki hivyo kwa saa nyingi. Wafugaji wapya hudhani amekufa, wakamgeuza, na kwa kumgeuza wakamuua kweli. Gamba la zamani hupasuka kwa msukumo wa majimaji ya mwili, na mguu mmoja mmoja huchomolewa kutoka ndani ya ganda lake. Aliyepungukiwa maji kabla ya siku hiyo hukwama katikati. Kumlowesha saa hiyo kumechelewa. Maji yanayomwokoa ni yale aliyokunywa na unyevu aliokalia majuma yaliyotangulia, na kwa hiyo uangalifu wa siku za kawaida, siku ambazo hakuna kinachotokea, ndio unaoamua siku ya hatari.

Ufundi huu hubadilika kwa kila spishi. Jirani wa Pelinobius, Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na Reginald Pocock mwaka 1897, ameenea kutoka Afrika Mashariki hadi Angola, na aina yake ya rangi ya chungwa huhusishwa na milima ya Usambara. Huyu husuka utando mzito mpaka sanduku zima likawa hema la hariri, na huvumilia ukavu vizuri sana. Udongo wa kina kidogo, bakuli la maji na kulowesha kona mara mojamoja vinamtosha. Mfugaji akimpa unyevu wa Pelinobius kwa hofu tu, amemdhuru kwa wema.

Kwa msomaji wa Makueni lipo suala la sheria, nalo si dogo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haihusu ndovu na chui pekee. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi malkia wapatao 5,000, waliofungwa katika vijibomba vyenye pamba iliyowekwa ili waishi safarini kwa wiki nyingi. Mwezi Mei mahakama ya Nairobi iliwahukumu wao na wengine wawili faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela miezi 12. Pamba ile yenye unyevu ni ufundi huuhuu ulioelekezwa kwenye wizi. Buibui wa mashimo ya Ukambani hachimbuliwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Tena jike la miaka 20 likiondolewa shimoni, huenda limeondolewa zao la miaka yote iliyosalia.

Njia halali ipo, na Kenya imeipita tayari. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, taasisi iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, watafiti wamefuga buibui mdogo mrukaji wa eneo la Ziwa Victoria, Evarcha culicivora. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba hupendelea kula mbu walioshiba damu. Ugunduzi huo ulihitaji buibui wengi walio hai na wenye afya, kizazi baada ya kizazi, na nyuma yake palikuwa na watu waliohakikisha kila siku kwamba vizimba havikukauka wala kuoza.

Wote inaweza kuanza na kazi ndogo zaidi, isiyomgusa mnyama hata mmoja. Shule yenye vipimajoto sita inaweza kuvifukia katika kina cha sentimita 5, 20 na 50, mahali pa jua na mahali pa kivuli cha mgunga, na wanafunzi wakasoma alfajiri na saa nane mchana. Februari ya kiangazi, Aprili ya mvua, Julai ya mawingu na baridi, Novemba ya mvua zinazotegemewa zaidi Ukambani: mwaka mmoja wa namba hizo ungeonyesha buibui wa shimoni anakalia joto gani hasa. Mfugaji wa Berlin angejua sanduku lake lilenge nini, na mtafiti wa buibui katika Makavazi ya Taifa ya Kenya angekuwa na jedwali la kuweka kando ya vielelezo vyake.