Kitabu cha Kumsomea Mtoto

Mtoto wa Kitangari aliyelelewa kwa ngano za Kimakonde hukihukumu kitabu kwa sikio. Hivyo mzazi asianze na Kusadikika (1951): utetezi wa Karama mbele ya mfalme ni chakula cha watu wazima. Aanze na Adili na Nduguze (1952). Humo liwali huwapiga manyani wawili kila usiku bila kupenda. Mtoto hatatulia mpaka ajue sababu, na sura ya kesho imekwisha kupata msikilizaji. Mawaidha marefu ya Shaaban Robert, ambayo mimi nayapenda mno, yarukwe bila haya. Mtoto atayasoma mwenyewe akikua. Lakini neno gumu lisibadilishwe. Lielezwe kwa Kimakonde, kisha sentensi isomwe tena kama ilivyoandikwa.