Chai Hainywewi Wima

Aghalabu watu huzisifu sanaa zidumuzo, kama uundaji wa majahazi na uchongaji wa milango, wakaisahau ile ifanywayo kila siku mbele ya macho yao, ambayo tunda lake hunywewa likaisha. Nami, niliyejaaliwa kuishi Bariadi, naona ni wajibu wangu kuishuhudia kazi ya bibi mmoja auzaye chai karibu na soko, ambaye wateja humwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na ambaye kabla ya mapambazuko huwa amekwisha kubandika sufuria yake mafigani.

Maji huyachemsha kwanza, peke yake, mpaka yatokote kweli kweli. Ndipo hutia tangawizi, aliyoiponda juu ya jiwe wala hakuikata kwa kisu, kisha maziwa, na mwisho majani, ambayo huyapima kwa kiganja. Hapo haondoki. Majani haya ni punje nyeusi, zilizosagwa na kuviringwa kiwandani hata zikawa nyepesi kutoa rangi, na mtu akizizembea zikachemka kupita kiasi, huwa na ukakasi unaokausha ulimi. Maziwa yanapopanda na kuuinua utando wake hadi ukingoni, yeye huvuta ukuni mmoja nje, povu likatua. Huurudisha, yakapanda tena. Mara ya tatu huepua. Hana saa, ila huitazama rangi, nayo ikifanana na udongo wa kichuguu baada ya mvua, basi chai imeiva. Iliki hatii, wala mdalasini, nami namuunga mkono, maana viungo vikizidi huifunika chai.

Mchai haumei hapa kwetu mkoani Simiyu. Hii ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, yenye jua kali, ilhali mchai hutaka milima na ukungu. Wajerumani waliujaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na hata leo majani hutoka huko Usambara, na Mufindi, Njombe na Rungwe. Kilicho chetu ni maziwa, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani, ambavyo huchemshwa na kuliwa pamoja na karanga. Maandazi ni matamu, sikatai. Lakini anywaye chai kwa michembe hana haja ya sukari nyingi, kwa kuwa utamu umo kinywani tayari, nayo ladha ya majani hubaki wazi.

Msimu wa pamba, wakulima waendao kwenye mizani hupita hapo kwanza, na wazee wao humimina chai katika kisahani ipate kupoa, wakaizungumzia mvua iliyopita bila ya haraka.

Asubuhi moja alikuja kijana wa bodaboda, akasimama na ufunguo mkononi.

"Shikamoo, Mayu. Nipe upesi, abiria ananingoja."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Chai hainywewi wima."

Kijana akatazama barabarani, akautia ufunguo mfukoni, akaketi mwisho wa benchi. Mzee aliyekuwa jirani yake akasogea kidogo, akamsukumia sahani ya michembe, na Mayu akainama kuchota chai ya chini kabisa sufuriani, iliyo ya moto zaidi.