Gemu au Mchezo wa Video?

Istilahi "mchezo wa video" ina kasoro ambayo haionekani mpaka ifikishwe kwa watumiaji. Katika Kiswahili mchezo ni wa mpira, ni wa bao, na ni wa kuigiza pia. Twasema mchezo wa redio bila kutatizika. Nako Mbeya na Iringa, kama kwingineko nchini, neno video lilizoeleka kwa banda la kutazamia filamu. Mwambie mzee wa Kihesa "mchezo wa video", naye ana haki ya kungojea waigizaji.

"Mchezo wa kompyuta" nao hautoshi. Magnavox Odyssey, mtambo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani, huko Marekani mwaka 1972, haukuwa na kompyuta ndani yake, wala sauti. Mchezaji alibandika plastiki angavu juu ya kioo cha televisheni ili apate uwanja. Zikafuata kaseti za kuchomeka, diski za PlayStation mwaka 1994, na sasa simu ya mkononi. Istilahi iliyofungwa kwenye chombo huchakaa pamoja nacho. Nasi, ambao Serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, tuliukuta mchezo huu katikati ya safari yake.

Vijana wa Mwanjelwa husema "gemu", nami nawaunga mkono. Ni kweli kwamba pambano la mpira nalo huitwa hivyo hivyo. Lakini huko tunalo neno "mechi", na lifanye kazi yake.