Katrina: Kamera Zilifuata Upepo, Maji Yakapita Kwingine

Kimbunga Katrina kiliingia nchi kavu karibu na Buras, kusini kabisa mwa jimbo la Louisiana, saa 12:10 asubuhi ya Jumatatu, Agosti 29, 2005. Kasi ya upepo wake ilikuwa takriban kilomita 205 kwa saa, baada ya kushuka kutoka 280 kilipokuwa bado baharini siku iliyotangulia. Hadi jioni, sehemu kubwa ya matangazo ya televisheni ya Marekani ilikuwa ikisema New Orleans imeponea chupuchupu, na Jumanne asubuhi magazeti kadhaa yakaamka na habari hiyo hiyo. Wakati huo maji yalikuwa yakimiminika mjini kupitia kuta za mifereji zilizobomoka. Mwishowe asilimia 80 ya mji ilifunikwa.

Tukio hili lilisubiriwa na waandishi kwa siku kadhaa, kila kituo kikubwa kikiwa na watu wake pale pale. Ilikuwaje basi habari yenyewe ikawapita? Hakuna picha iliyodanganya. Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio wa kazi.

Tuanze na mahali kamera zilipowekwa. Timu za televisheni zilikaa zaidi French Quarter na kwenye hoteli za Canal Street, kwa sababu zinazoeleweka: majengo imara, jenereta, nafasi ya kuegesha magari ya setilaiti. Lakini ukanda huo uko kando ya mto Mississippi, kwenye ardhi iliyoinuka kuliko mitaa mingi ya mji. Ripota aliyevaa koti la mvua, akiyumba huku mabati yakiruka nyuma yake, anamwonyesha mtazamaji nguvu ya upepo hapo aliposimama, basi. Hawezi kumwonyesha Lakeview wala Lower Ninth Ward, mitaa iliyo kilomita chache tu kutoka hapo, ambako watu walikuwa wakipanda darini. Isitoshe, jicho la kimbunga lilipita mashariki ya mji, na pwani ya Mississippi ikapigwa na bahari iliyopanda zaidi ya mita 8. Uharibifu wa Biloxi na Gulfport ulionekana waziwazi, ukapigika picha kirahisi, na macho ya wahariri yakahamia huko.

Kasoro ya pili ilikuwa ya saa. Habari za kimbunga hupangwa kwa saa ya upepo: kinakaribia, kinatua, kinapita. Kikishapita, mtangazaji huanza kuhesabu hasara. Maji yana saa yake. New Orleans imekaa kama bakuli, sehemu kubwa yake ikiwa chini ya usawa wa bahari, na ziwa Pontchartrain liko juu yake upande wa kaskazini. Kuta za mifereji ya 17th Street na London Avenue zilipoanguka, ziwa liliendelea kumwagika mjini hata baada ya upepo kutulia, mpaka maji ya pande zote mbili yakafikia usawa mmoja mnamo Alhamisi. Uchunguzi wa wahandisi wa Jeshi la Marekani ulikuja kuonyesha kuwa kuta hizo ziliangushwa na kasoro za usanifu, kabla maji hayajafika ukingoni. Mwandishi aliyepima hatari kwa kasi ya upepo peke yake alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mji umesalimika.

Taarifa rasmi hazikukosekana. Jumapili saa 4:11 asubuhi, ofisi ya hali ya hewa iliyoko Slidell ilitoa tahadhari iliyoandikwa na mtabiri Robert Ricks, ikieleza kwamba eneo kubwa halitakalika kwa wiki kadhaa au zaidi. Ilikuwa na lugha nzito, na vituo viliisoma tena na tena. Jumatatu saa 2:14 asubuhi ofisi hiyo ikatoa nyingine, fupi na kavu: ukuta wa Industrial Canal umebomoka kwenye Tennessee Street, na maji ya kina cha kati ya mita moja na mita mbili na nusu hivi yanatarajiwa. Hii ya pili haikupewa uzito kama ile ya kwanza, ingawa ndiyo iliyotaja mtaa. Ile ilitabiri balaa, hii ilisema balaa limeshaingia na limepitia wapi.

Walioipata habari yenyewe walitumia baiskeli. Alasiri ya Jumatatu, wafanyakazi wawili wa gazeti la Times-Picayune, James O'Byrne aliyekuwa mhariri wa makala na Doug MacCash aliyekuwa mhakiki wa sanaa, walikanyaga kuelekea Lakeview wakipitia njia ya reli iliyoinuka. Wakakuta mtaa umekuwa mto, na maji bado yanakwenda kwa kasi. Maji yanayokwenda baada ya mvua kukatika yana chanzo, na wao walijua ni ziwa. Mwaka 2002 gazeti lao lilikuwa limechapisha mfululizo mrefu uliochambua namna mji huo ungeweza kuzama. Habari yao ikatoka kwenye tovuti ya gazeti usiku ule.

Pengo kati ya taarifa yao na matangazo ya kitaifa halikubaki suala la wanahabari peke yao. Siku chache baadaye Michael Chertoff, waziri wa usalama wa ndani, alieleza kwenye televisheni kwamba Jumanne asubuhi aliona vichwa vya habari vya magazeti vikisema mji umenusurika. Serikali yenye vyombo vyake yenyewe haikupaswa kutegemea magazeti, lakini maneno yake yanaonyesha habari ya mapema isiyokamilika inavyoweza kufika mbali.

Vyombo vya mji navyo vilipaswa kubaki hewani huku mji wenyewe ukizama. WWL-TV ilikuwa imejiandaa mapema, ikahamishia utangazaji kwenye chuo kikuu cha Baton Rouge, ikawa kituo pekee cha televisheni cha New Orleans ambacho hakikuzimika. Watu wa Times-Picayune waliondoka Jumanne kwa malori ya kusambazia magazeti, kikundi kidogo kikageuza siku hiyo hiyo kurudi kuripoti. Kwa siku tatu gazeti lilitoka mtandaoni tu, na Septemba 2 likachapishwa tena kwa mtambo wa mji jirani wa Houma.

Hata hao walioona kwa macho waliteleza walipoacha kuona na kuanza kusikia. Masimulizi ya mauaji na ubakaji ndani ya uwanja wa Superdome yalienea, na viongozi wa mji wakayarudia hadharani. Brian Thevenot wa Times-Picayune aliandika juu ya maiti 30 au 40 zilizosemekana kurundikwa kwenye friza la ukumbi wa mikutano, kwa maneno ya askari ambao hawakuwa wameziona. Septemba 26 yeye na mwenzake Gordon Russell walichapisha uchunguzi uliobomoa masimulizi hayo, pamoja na hilo la friza. Miili iliyokutwa Superdome ilikuwa 6: wanne walikufa kwa maradhi, mmoja kwa dawa za kulevya, na mmoja ilionekana amejiua.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumeshaona sura ndogo ya jambo hili. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia na kupungua nguvu upesi, wengi tukashusha pumzi. Mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini huko Kilwa, na magari ya Lindi na Mtwara yakakwama.

Kwa hiyo mhariri anayepanga kufuatilia kimbunga kijacho awe na timu mbili tangu mwanzo. Ya kwanza ifuate upepo. Ya pili isiguse upepo kabisa: ikae na ramani ya mabonde, madaraja na mifereji, isome kila tahadhari inayotaja mtaa kwa jina, na ipewe siku tatu baada ya kimbunga kutua kabla hajaruhusiwa mtu yeyote studio kutamka kwamba mji umenusurika.